TV ilituonyesha tukipewa ufunguo wa nyumba ya Ruziba, lakini bado tumepanga Musaga

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Huwa napita, nacheka na nyuzi zenu, naondoka. Leo nimejiunga ili niandike, kwa sababu kuna jambo siwezi kulisema shuleni, na nikikaa nalo nakuwa kama mtu aliyekalia siafu. Nakaa, nasimama, nakaa tena.

Yote haya yametokea nyumbani kwetu. Ningekuwa na uwezo ningeyapunguza, siyo kuyaongeza. Majina nimebadilisha, na kipindi chenyewe sitakitaja. Kiswahili changu ni cha huku Buja, nimejaribu kukinyoosha, ila watu wakiongea nitawaacha waongee walivyoongea.

Twende.

Nipo sekondari. Nina aibu ile ya kweli, ya kuzunguka mtaa mzima ili nisipite mbele ya vijana wamekaa dukani. Nyumbani tupo wanne: Papa, Mama, mimi, na mdogo wangu Ornella ambaye aibu yeye hakupewa hata kijiko.

Papa ni mfanyakazi wa serikali, wa ofisini. Mama anauza vitenge sokoni.

Tumepanga Musaga tangu sijazaliwa. Nyumba zimebadilika lakini Musaga ni ile ile. Mwenye nyumba wa sasa akimtaka Papa hagongi mlango, anagonga dirisha la chumba chetu mimi na Ornella, maana ndilo liko njiani. Unavaa uniform, ko ko ko, "Papa yuko?"

Chumba hicho tunalala wawili na marobota ya vitenge vya Mama. Nikiandika diary yangu, Ornella anaisoma kwa sauti akiwa juu ya robota. Kwa hiyo mjue nilivyokuwa nalitaka jambo la chumba changu. Sikuwa natamani tu, nilikuwa naumwa.

Sasa nyumba.

Mama alisikia sokoni kwamba kuna bibi mjane kule Ruziba anauza nyumba yake. Nimwite Bibi Spesiyoza. Alitaka kwenda kukaa na binti yake huko Gitega kwa sababu magoti yamechoka. Nyumba aliijenga mume wake mwenyewe, matofali ya kuchoma, vigae juu, jiko nje kwa nyuma, vyumba vitatu. Chumba cha mwisho dirisha lake linaangalia ziwa. Siyo ziwa lote, kipande tu kati ya migomba ya jirani, lakini kipo.

Mama aliniona nimesimama pale dirishani, akasema, "Haya, hii ni ya Belyse." Basi. Tangu siku ile nilikuwa nimeshahamia kichwani.

Watu wenye pesa kuliko sisi walikuwa wamekuja kabla. Bibi aliwakataa. Walitaka kiwanja, wabomoe, wapandishe ghorofa. Yeye alitaka mtu wa kukaa ndani ya nyumba, siyo wa kuikanyaga.

Papa aliizunguka nyumba yote, akashika kuta kwa mkono, akamwambia, "Bibi, hii nyumba ilijengwa na mutu aliyejua. Ni nzuri sana." Bibi alivua miwani akaifuta na kitenge. Nilikuwepo, niliona.

Hapa nisimame kidogo kwa wale wa mbali.

Huku kwetu, kabla ya karatasi kuna bia. Mnunuzi analeta kaziye, yaani kreti, muuzaji anaita majirani. Mnakaa uani, kila mtu anakunywa, asiyetumia pombe anachukua soda na soda yake ina uzito ule ule. Kisha jirani mmoja mkubwa anasimama anasema mbele ya wote: fulani amempa fulani nyumba hii, fulani ameipenda, na sisi tumekunywa. Ukishakunywa wewe ni shahidi. Karatasi inafuata tu.

Kwetu alisimama Mzee Simeyo, jirani wa Bibi, mtu wa maneno machache. Alisema, "Huyu bwana ameipenda hii nyumba. Nimemusikia kwa masikio yangu." Watu wakapiga makofi. Ilibaki kwenda kwa notaire, yule mwanasheria wa kuandikisha mauzo, na randevu, yaani miadi, tayari tulikuwa nayo. Papa alikuwa ametoa sehemu ya kwanza ya malipo, nyingine ilikuwa siku ya kusaini.

Ndipo ikaingia televisheni.

Kuna kipindi cha huku kinaonyesha familia inayonunua nyumba kwa mara ya kwanza. Mnaijua aina yake: familia inatembezwa nyumba tatu, inakuna kichwa, inachagua moja, inapewa ufunguo, inalia. Mfanyakazi mwenzake Papa alikuwa anamfahamu mtu wa pale, akawapa namba yetu.

Mimi nilidhani wanakufuata ukiwa unatafuta kweli. Apana wakuu. Walimwambia Papa wazi kwenye simu, wanachukua familia iliyokwisha pata nyumba, maana hawana muda wa kungoja mtu aamue. Nyumba yenu inakuwa moja ya tatu, nyingine mbili ni za kuazima tu. Ninyi mnajifanya hamjui. Na wao, mkishahamia, wanawapakia rangi nyumba nzima ndani na nje, na jiko jipya.

Papa alikubali kabla hajakata simu.

Msimcheke. Kaka zake wote wana nyumba zao. Kwenye sherehe za familia huwa hawamuiti jina, wanamuita Mpangaji. "Mpangaji amefika! Mupeni kiti, asije akalipia!" Anacheka nao. Akirudi nyumbani hacheki.

Mama alimwambia, "Si tusaini kwanza?"

"Tutasaini. Bia si tumekunywa? Nani anarudi nyuma na bia iko tumboni?"

Mama akaendelea kukunja vitenge.

Siku ya tournage, yaani ya kurekodi, walikuja na magari mawili. Mtangazaji alikuwa kijana wa suti ya bluu, soksi hana, ananukia vizuri sana. Kitu cha kwanza alimuomba Bibi Spesiyoza atoke, maana kwenye kipindi nyumba inatakiwa ionekane haina mtu. Bibi akasema hakuna shida, akachukua ungo wake wa lengalenga, yaani mchicha, akaenda kukaa kwa Mzee Simeyo. Kati ya nyumba hizo mbili kuna ua wa matete tu.

Wakaanza na sisi tunaingia mlangoni. Tuliingia, tukatoka, tukaingia, tukatoka. Ornella kila akiingia alikuwa anasema "Waaaw!" hadi yule wa kamera akamuomba apunguze. Mimi waliniambia niseme "Napenda hapa." Sauti haikutoka. Wakajaribu tena, haikutoka. Mtangazaji akasema, "Sawa, we utakuwa wa kutabasamu." Hata hilo sikuliweza vizuri, naona aibu hadi meno.

Halafu wakamgeukia Papa.

"Papa Belyse, hii ni nyumba ya kwanza. Ukiipenda sasa hivi kipindi kimeisha. Tunataka suspense. Tafuta kasoro."

Papa akaangalia huku na huku, akasema, "Jiko iko mbali kidogo na nyumba."

"Coupez! Kata! Iko baridi, Papa. Tena, na moto."

"Jiko iko mbali. Mvua ikinyesha mama atalowa."

"Coupez! We ni bwana mwenye pesa yako mukononi, unaogopa nani? Wachekeshe watu nyumbani!"

Nilimuona Papa akibadilika, wakuu. Sijui niseme vipi. Taa zile zilikuwa zinamwangaza, watu wote wanamngoja yeye, mtu ambaye kwenye sherehe huwa anachekwa. Akaweka mkono kiunoni, akasema kwa sauti kubwa:

"Ah! Hii nayo ni nyumba? Hii ni kibanda cha kuku! Mwenyewe ndiye angetulipa sisi ili tuingie!"

Wale wa kamera walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Mtangazaji akapiga makofi, "Voilà! Voilà Papa!"

Mimi nilikuwa pale kwenye dirisha la mwisho, lile langu. Chini yake ndipo ua wa matete unapoanza. Katikati ya matete niliona ungo, na mikono ya Bibi juu ya lengalenga. Ilikuwa inachambua. Ikaacha.

Nilimvuta Mama mkono nikamwambia sikioni. Mama akafumba macho, akasema polepole, "Wakimaliza tutamweleza."

Lakini hawakumaliza haraka. Kabla ya kuondoka walitaka warekodi pia mwisho wa kipindi, ule wa ufunguo, ili wasirudi Ruziba mara mbili. Kwa hiyo muda mfupi tu baada ya kibanda cha kuku, tulisimama getini, mtangazaji akatutolea ufunguo wenye utepe mwekundu. Ufunguo wenyewe ulikuwa wa gari lao. Ornella aliruka. Mama alilia, na watu wa kamera walifurahi sana, wakadhani ni furaha.

Tulipomtafuta Bibi, Mzee Simeyo alisema ameenda kwenye mazoezi ya kwaya. Tukaacha ufunguo wa kweli wa nyumba kwake, tukapanda gari lao kwenda Kibenga kujifanya tunapenda nyumba ya vioo ya binamu wa mtangazaji.

Siku zilizofuata Mama alikuwa anapiga simu kwa Bibi, inaita, haipokelewi. Papa anasema, "Mazee hawajui simu." Anazunguka meza. Mama anasema, "Bibi anajua simu vizuri kuliko wewe." Mimi shuleni nilikuwa nasoma mstari mmoja mara nyingi bila kuuelewa. Nikisikia ko ko ko dirishani moyo unaruka.

Jioni moja iligongwa mlangoni.

Alikuwa Mzee Simeyo. Nje kulikuwa na tuk-tuk, na ndani ya tuk-tuk kaziye ya bia na kaziye ya soda, zimejaa, hakuna hata chupa imefunguliwa. Na bahasha ya yale malipo ya kwanza, yote.

Papa aliona zile kaziye akakaa chini kabla ya mgeni. Kwetu ukirudishiwa ulichonywesha watu, hakuna haja ya kuuliza. Wameitoa tumboni.

Bado akauliza, "Muzee, ni kwa sababu ya televisheni?"

"Mi televisheni sijui," Mzee Simeyo akasema. "Mi najua nilisimama mbele ya watu nikasema umeipenda. Sasa watu wananiuliza, Simeyo, ulikunywa bia ya kibanda cha kuku? Niwajibu nini?"

"Ilikuwa muchezo tu, Muzee wangu."

"Mi sikujua kama tulikuwa kwa muchezo. Nilivaa koti."

Mama alimkaribisha chakula. Alikataa kwa upole, akatusaidia kuingiza zile kaziye ndani, akaaga kila mmoja kwa mkono, hata Ornella. Tuk-tuk ikaondoka.

Jumapili baada ya misa tulikwenda Ruziba sote. Mama alivaa kitenge chake cha harusi.

Wakuu, nilijiandaa kwa kelele. Hakukuwa na kelele. Bibi Spesiyoza alitupokea vizuri mno, akatupa maji ya ndimu, akatuuliza masomo. Ningependa angetufukuza.

Papa aliweka glasi chini. "Bibi, tumekuja kuomba msamaha. Ile siku siyo mi niliyeongea. Walituambia tuseme, nasi tukasema."

Bibi alimwangalia bila hasira yoyote.

"Nimeelewa, mwanangu. Walikuambia useme mubaya, ukasema. Na siku ile ya kwanza, uliposhika ukuta ukasema ni nzuri, nani alikuambia useme?"

Papa alifungua mdomo.

Hakuna kilichotoka. Nilimtazama nikaona kumbe ile sauti yangu isiyotoka nimeirithi.

"Hakuna mutu, Bibi," akasema mwishowe. "Ile ilikuwa kweli."

"Labda," Bibi akasema. "Mi nataka kukuamini. Lakini zote mbili ulizisema vizuri. Sijui siku gani ulikuwa unacheza."

Mama alijaribu naye. Alisema kuhusu watoto, kuhusu jinsi tutakavyoitunza. Bibi alimshika mkono muda wote, akitingisha kichwa taratibu. Kisha akanigeukia mimi.

"We mutoto, we hukusema kitu siku ile. Ulipenda nini hapa?"

Nilitazama sakafu. Nikasema, "Dirisha."

"Lile la mwisho?" Akacheka, kicheko cha kweli. "Mume wangu alilikosea lile. Lilitakiwa kuangalia barabara, aone wageni wake. Tuligombana wiki nzima. Halafu akawa anakaa pale kila jioni."

Alinipa ruhusa nikaenda kuliangalia. Nilijua ananiruhusu kuaga. Nilisimama pale hadi Mama aliponiita.

Nyumba amepewa mwalimu mmoja na mke wake. Nasikia ni watu wazuri. Nilitaka wawe wabaya.

Mnadhani imeisha? Haijaisha.

Kipindi kilikuwa bado hakijarushwa. Papa aliwapigia wasikirushe. Wakasema ulishasaini karatasi yetu ya ruhusa, na montage, yaani kuunganisha picha, imekamilika. Akawaomba basi angalau watoe ile sentensi ya kuku. Wakasema wataona. Hawakupiga tena.

Hapo ndipo nyumba yetu iliposhindwa kupumua. Papa hakuwa anaogopa tena kukosa nyumba, hiyo ilishaondoka. Alikuwa anaogopa mji mzima umsikie. Ofisini, kanisani, kaka zake. Na Bibi mwenyewe akiwa Gitega, amekaa mbele ya TV ya binti yake, aisikie mara ya pili. Tangazo la kipindi likipita, sisi kwenye picha tunatabasamu, Papa anatoka nje kuangalia tairi la baiskeli. Baiskeli yenyewe haina shida.

Ndugu tulikuwa hatujawaambia chochote. Papa alikuwa anasema "kesho nitawaambia."

Siku yenyewe walikuja bila kualikwa. Shangazi, ndivyo tunavyomuita mke wa kaka yake mkubwa Papa, na kaka mwenyewe, na majirani wa Musaga wakasimama mlangoni maana viti vimeisha. Shangazi ameleta keki. Papa alikaa kwenye kona, mikono kati ya magoti.

Ikaanza. Sisi tunaingia mlangoni. "Waaaw!" Watu wakacheka. Mimi natokea nikitabasamu kama ninaumwa jino, wakacheka zaidi. Kisha uso wa Papa, mkubwa, screen nzima.



Papa wa kwenye TV akasema: "Jiko iko mbali kidogo na nyumba."

Ikaingia picha nyingine. Nyumba ya Kibenga, vioo.

Tulingoja. Nilidhani itakuja baadaye. Haikuja. Walitumia ile ya kwanza kabisa, ile waliyoiita baridi. Kuku hawakuwepo popote. Kipindi kikaenda hadi mwisho, tukachagua, ufunguo ukatoka na utepe wake, Ornella akaruka, Mama akalia.

Shangazi alipiga vigelegele hadi glasi zikalia. "Mpangaji amekufa leo! Tunazika Mpangaji! Tunahama lini, shemeji? Jumamosi?" Kaka yake Papa alisimama kumkumbatia.

Papa hakusimama. Alikuwa bado anaangalia TV, ikiwa kwenye matangazo ya sabuni.

"Wameikata," akasema.

"Wamekata nini?" kaka yake akauliza.

Hakuna mtu chumbani pale aliyekuwa anajua, wakuu. Hakuna ambaye angejua. Angeweza kusema "picha fulani" tukaendelea na keki. Mama alimwangalia. Mimi nilikuwa nimeshikilia sahani, nikaona bora niiweke chini.

Papa akachukua rimoti akazima. Akasema nyumba hiyo hatuna. Akaeleza ya bia, ya Mzee Simeyo na kaziye, ya maji ya ndimu. Kisha ile sentensi akaisema yote kama alivyoisema siku ile, kibanda cha kuku, mwenyewe angetulipa, ila safari hii taratibu, bila mkono kiunoni. Hakuna aliyecheka.

Kaka yake alirudi kukaa. Akasema tu, "Pole, Gerard." Ni mara ya kwanza namsikia akimuita jina.

Hayo ndiyo, wakuu.

Nilichokipata mimi ni hiki. Ukisema uongo kwa mchezo mbele ya mtu aliyekuamini, huo uongo haubaki peke yake, unarudi nyuma kuuchafua ukweli uliousema kabla. Na wale waliokuomba uuseme, wenyewe hawatauhitaji hata kidogo. Sisi ulitunyima nyumba, kwao ulikosa hata nafasi kati ya matangazo.

Tunatafuta tena. Papa sasa akiingia nyumba ya mtu anasema neno moja moja kama analipia.

Naomba mawazo yenu, hata makali, mradi msimtukane Papa. Bibi alituonea, au alikuwa na haki? Wakubwa mliouza au kununua nyumba, mngefanyaje mngekuwa yeye?

Na la mwisho ni langu. Papa aliwaambia ndugu, lakini shule nzima iliona kipindi na hakuna anayejua. Kila asubuhi kuna mtu ananipongeza, na kundi la wasichana darasani wanataka niende nao mwisho wa wiki kuona ziwa kutoka chumbani kwangu. Mimi natabasamu tu, ile ya meno kuuma. Kesho wataniuliza tena. Nianzeje kuwaambia?